Maji ya masika na majengo mapya mtaani: jumuiya ya wakaazi ianzie wapi?

Mkaazi wa Ng'ambo:
Assalaam alaykum. Karibu na mtaa wetu hapa Ng'ambo, mjini Zanzibar, bonde limefukiwa kwa kifusi ili lijengwe ghorofa, na tangu hapo maji ya masika, ambayo zamani yalituama humo kwa siku chache kisha yakanywea ardhini, sasa yanaingia majumbani pamoja na taka zilizoziba mtaro. Jumuiya yetu ipeleke wapi malalamiko yake?

Bi Mwana:
Waalaykum salaam, ndugu yangu. Anzeni kwa Sheha, kiongozi wa serikali katika shehia yenu, kwa barua yenye saini za wakaazi, kwa kuwa Sheria ya Tawala za Mikoa ya 2014 imeweka baraza la kumshauri. Nakala ipelekwe manispaa, na mwambatishe picha zilizopigwa mvua ikinyesha. Za kiangazi hazimshtui mtu.

Mzee wa Barazani:
Naongeza kwamba mitaro mikubwa iliyojengwa mjini kupitia ZUSP, yaani mradi wa huduma za miji Zanzibar, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, hupeleka maji baharini, lakini haiwezi kufanya kazi iwapo mitaro midogo ya mitaani inatupiwa taka, na hapo (tusioneane haya) sisi wenyewe tumo. Kuhusu bonde, ulizieni kama tathmini ya athari za mazingira ilifanywa, na ombeni muioneshwe kabla msingi haujamwagwa zege.

Mkaazi wa Ng'ambo:
Ahsanteni. Msingi tayari umechimbwa, hivyo barua itaandikwa leo.