Mzee anatoka kwenye uvuvi, anataka kulima mwani: aanzie wapi? (Mlingotini, Bagamoyo)

Kijana_wa_Kaole
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Baba ana miaka 61, mvuvi wa jarife tangu ujana, ana dau lake na mashine. Magoti na kiuno vimeanza kukataa, kuvuta wavu usiku hawezi tena. Mama analima spinosamu (aina ya mwani wa bei ndogo) kwenye maji mafupi. Watoto wote tumeshahama, wamebaki wao wawili na mjukuu mmoja. Baba anataka auze dau na mashine, anunue kamba na mbegu (vipande vya mwani hai) ya kotonii, aina ya mwani wa bei kubwa, afunge kamba 200 kwa mkupuo. Mama anasema kotonii inakufa, asipoteze pesa. Nani yuko sahihi? Na mtu wa umri ule aanze vipi?

Nanga_Mbili
Mama yako yuko sahihi, ila kwa maji mafupi tu. Kotonii haihimili joto. Kipindi cha kaskazi, Desemba mpaka Machi, upepo ni mdogo na bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) linakupwa kama saa nne au saa tano asubuhi, jua likiwa linapanda. Maji kidogo yanayobaki juu ya shamba yanapata moto. Yakivuka nyuzi 30 kwa siku kadhaa, matawi yanapauka, yanalainika, yanakatika. Ukirudi unakuta taitai (vikamba vya kufungia mbegu) tupu. Spinosamu inavumilia zaidi, ndiyo maana wengi wamebaki nayo ingawa bei yake iko chini sana ya kotonii. Masika nayo ina shida yake: Ruvu inaingia baharini kaskazini ya mji wa Bagamoyo, na popote maji ya mto yanapofika chumvi inapungua na mwani unaharibika. Kwa hiyo asichague eneo kwa kuangalia mchanga ulivyo mzuri. Aangalie maji yanavyokuwa mwezi wa nne.

Kotonii inataka maji marefu, mita 2 hadi 6 hata bahari ikiwa imekupwa. Hapo ndipo akina mama wengi wanakwama: chombo hawana, na kuogelea wengi hawajui. Mzee wako anavyo vyote viwili, pamoja na kujua mikondo na kutia nanga, halafu anataka kuuza dau! Hilo ndilo kosa kubwa kwenye mpango wake, mengine yanarekebishika.

Jarife awape vijana kwa mgawo: gharama za mafuta zinatoka kwanza, kinachobaki kinagawanywa kati ya chombo na wavuvi kama desturi ya hapo bandarini. Usiku wa giza wavue wao, mchana dau liende shambani. Uzuri wa shamba la maji marefu ni kwamba halisubiri bamvua. Unalifikia hata siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, kwa hiyo mtu mwenye magoti mabovu anachagua siku ya kufanya kazi na siku ya kupumzika.

MkulimaMwani
Naongezea vipimo. Kamba 200 asahau. Kamba ya mita 10, fundo kila sentimita 20, ni mafundo 50. Kila fundo mbegu ya gramu 100, basi kamba moja inakula kilo 5. Kamba 200 ni tani nzima ya mbegu mbichi, na mbegu ikishatoka majini inatakiwa irudi ndani ya saa chache, ikae kivulini na kufunikwa kitu kilicholowa muda wote. Wazee wawili watafunga hizo lini? Theluthi mbili zitaoza pwani.

Aanze na kamba 20. Kamba mama mbili za milimita 10 au 12, urefu mita 20 kila moja, zilazwe sambamba zikiachana mita 10. Katikati avushe kamba za mbegu, moja kila mita. Kila pembe nanga ya viroba viwili vya mchanga vya kilo 50, na kamba ya nanga iwe mara mbili au tatu ya kina cha maji. Ikiwa fupi, upepo wa kusi ukishika unang'oa kila kitu. Maboya yawe madumu ya lita 20 kwenye pembe, chupa za lita 1.5 katikati, vifuniko vikazwe sana. Kaskazi ikiingia, arefushe kamba za boya hadi mwani ushuke kama nusu mita chini ya uso wa maji, kwa sababu joto kali liko pale juu.

Mavuno ni baada ya wiki 6. Mwani ukienda vizuri unaongezeka mara sita hivi, kamba inatoa kilo 30 mbichi. Toa kilo 5 za mbegu ya kurudisha, zinabaki 25, na mwani mkavu ni kama sehemu moja ya saba au ya nane ya mbichi. Kamba 20 zinakupa kilo 60 hadi 70 kavu kwa mzunguko. Si utajiri, ila anajua kama eneo linafaa kabla hajazamisha pesa.

Sasa kiuno. Mzigo mkubwa uko kwenye kubeba: kamba 20 ni kilo 600 zenye maji. Asifungue mwani akiwa majini na asibebe viroba begani. Afungue ncha za kamba, avute kamba nzima ndani ya dau, walete pwani maji yakiwa yamejaa ili dau lifike karibu, wakafungulie kivulini wakiwa wamekaa. Chanja ya kuanikia iwe usawa wa kiuno. Mwani wa kwenye chanja haushiki mchanga, ambao mnunuzi anakukata nao bei. Siku 2 hadi 3 za jua zinatosha, na turubai liwe karibu, maana mvua moja inaosha ile chumvi na mwani unapoteza ubora.

Halafu ajifunze kutofautisha hasara. Ncha zikikatwa bila weupe wowote, huyo ni samaki, hasa tasi. Mvuvi mzima haulizwi la kufanya na tasi: dema (mitego) mbili kando ya shamba, kitoweo hicho. Tawi likipauka katikati, hilo ni joto au chumvi kupungua. Avune haraka kilicho kizima.

Bi_Chanja
Mmesahau la pesa na la nyumba. Mvuvi amezoea pesa ya leo. Mwani, ukijumlisha wiki 6, kukausha na kumsubiri mnunuzi, ni karibu miezi miwili. Wengi wanaotoka kwenye uvuvi wanakata tamaa hapo, wanavuna wiki ya nne mwani ukiwa mchanga bado, mwepesi. Afunge kamba 5 kila baada ya siku kumi, zikifika 20 atakuwa anavuna kidogo kidogo. Mgawo wa dau uwalishe miezi mitatu ya mwanzo.

Pili, baba amekuwa nahodha miaka yote na sasa anaingia kazi ambayo mkewe ndiye fundi. Msimwachie agundue hilo shambani. Wakubaliane mapema: chombo, nanga na usalama ni vya baba, mbegu, ufungaji na ubora ni vya mama, mauzo yaandikwe kwenye daftari moja. Na mama asipande chomboni bila jaketi okozi, hata kama bahari ni shwari.

Mkopo wa halmashauri usio na riba ni wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, asilimia 4, 4 na 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Baba hayumo, mama yumo kupitia kikundi. Mnunuzi akiwapa kamba za bure waulize kwanza kama watabanwa kumuuzia yeye tu. Pia waende BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi pwani) na serikali ya kijiji kabla ya kutia nanga, vinginevyo nyavu za wenzao zitapita humo humo.

Kijana_wa_Kaole
Asanteni sana, dau haliuzwi. Swali la mwisho: mama naye mgongo unamsumbua. Akishindwa kabisa kuingia majini?

Bi_Chanja
Sabuni. Mafuta ya nazi kilo 1, kostiki soda gramu 174, maji mililita 380, unga wa mwani mkavu uliochekechwa gramu 30. Apime kwa mizani, asikisie kwa kikombe. Kostiki ndiyo inayomwagwa kwenye maji, kinyume chake inaruka usoni. Akoroge nje penye upepo, glavu na miwani, mjukuu awe mbali. Ikipoa achanganye na mafuta mpaka iwe nzito kama uji, atie unga wa mwani, amimine kwenye kisanduku cha kugandishia. Akate kesho yake, aache wiki 4 ndipo auze. Atumie ndoo ya plastiki ngumu, sufuria ya alumini inaliwa na kostiki. Na kostiki iliyobaki isiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji.