Printa haitoi nyeusi kabisa, nahisi kichwa kinachotema wino kimeziba. Naombeni ushauri

Karani Mpya: Habari zenu wakuu. Printa yangu ya wino, ile ya matangi, ilikaa miezi miwili bila kuchapa. Sasa nyeusi haitoki hata nukta, rangi nyingine ziko safi. Nina kazi ya kukabidhi keshokutwa na usingizi sipati. Swali langu ni moja: nikisukuma maji ya moto kwa sirinji kwenye kichwa, kitazibuka? Sirinji ninayo tayari. Natanguliza shukrani.

Mzee wa Ofisi: Kijana, hamia leza. Ile inatumia unga, haina cha kukauka. Mimi nilihangaika na wino miaka mingi, kila nikirudi likizo nakuta mistari. Siku niliyobadilisha ndipo nilipopumzika.

Karani Mpya: Shikamoo mzee. Leza siimudu kwa sasa. Naulizia sirinji.

Fundi Kimya: Usisukume kitu. Kichwa kinatoka pamoja na katriji (kikopo cha wino) au kimefungwa ndani ya mashine? Na umeshakisafisha kwa menyu ya printa yenyewe mara ngapi?

Karani Mpya: Kimefungwa ndani. Nimesafisha mara chache.

Mama Stika: Pole mdogo wangu. Yangu niliipaka asetoni nikidhani nafanya la maana, gundi za kichwa zikaachia, rangi zikaingiliana. Nililia. Tangu hapo nachapa ukurasa mmoja wa rangi zote kila wiki, hata kama sina kazi. Vijana hamtunzi vitu.

Bwana Nukta: Mimi hadithi hii siiamini. Printa iliyokauka kwa kukaa, nilizoziona mimi, hukatikakatika mistari kwenye rangi zaidi ya moja. Hapa tatu ni safi, moja imekufa kabisa? Umeitunga kutupotezea muda.

Karani Mpya: Sijatunga kitu! Haya, nyeusi ilikuwa imeisha, nikajazia chupa ya printa nyingine. Imeandikwa nyeusi, na ilichapa vizuri siku mbili kabla sijaiacha. Ndiyo maana sikuona haja ya kuisema.

Fundi Kimya: Soma lebo ya chupa. Ni wino wa pigmenti au wa dai (dye)?

Karani Mpya: Pigmenti. Ya zamani ilikuwa dai. Na kusafisha ni mara 14, nilifuatanisha jana usiku.

Bwana Nukta: Sasa nimekuamini. Samahani.

Fundi Kimya: Ungeanza na hilo. Dai imeyeyuka kwenye maji, pigmenti ni chembe zinazoelea, na wino wa aina mbili ukikutana unaweza kuganda. Tundu la kichwa ni jembamba kuliko unywele. Acha kusafisha kwa menyu: kila mara inanyonya rangi zote na kuzimwaga kwenye sponji ya wino taka, na mashine ikihesabu kwamba sponji imejaa inajifunga. Sirinji kwa nguvu itapasua kichwa kwa ndani, na maji yakigusa utepe wa umeme utaunguza bodi.

Sirinji itumie kunyonya wino wote kwenye tangi la nyeusi, kisha jaza wino wa dai kama ule wa zamani. Chomoa umeme kichwa kikiwa katikati, dondoshea matone ya maji ya betri (yale safi, SI asidi) kwenye sponji ya maegesho (pale kichwa kinapopumzika printa ikizimwa), rudisha kichwa juu yake, acha usiku kucha. Maji ya bomba hapana, yana chumvi.

Karani Mpya: Usiku kucha? Kazi ni keshokutwa. Nikisukuma kidogo tu, polepole?

Mama Stika: Mdogo wangu, msikilize fundi.

Karani Mpya: Sawa. Tangi nimeshalikausha na kulijaza dai, kichwa kimelala kwenye sponji.

Karani Mpya: Habari za asubuhi. Nimesafisha mara moja, nikatoa ukurasa wa majaribio. Nyeusi imeonekana! Imekatika sehemu nne.

Fundi Kimya: Vizuri. Rudia sponji leo, usiguse menyu hadi jioni.

Karani Mpya: Jioni hii imebaki sehemu moja, pembeni. Nachapa kazi sasa hivi.