Naombeni ushauri: nimepewa kiraka cha basi la vifaa kwenye keneli nikikague, na aliyekiandika ndiye aliyenifundisha kazi

BintiTudor
Salaam aleikum ndugu zangu. Niko Mombasa, kwenye karakana ndogo inayotengeneza vibodi vya kupima joto la majokofu ya samaki. Vinaendesha Linux, na vipimajoto vimeungwa kupitia basi tulilojiandikia wenyewe ndani ya keneli (kiini cha Linux), yaani ule msimbo unaovitambua vifaa, kuvitafutia draiva na kuviondoa vikichomolewa.

Tunahama kutoka keneli 5.10 kwenda 6.12, kwa hiyo msimbo wa basi umeguswa karibu wote. Kiraka, yaani mabadiliko hayo ya msimbo, kimeandikwa na mkubwa wangu kazini, mtu aliyenishika mkono tangu siku ambazo sikujua hata kukompaili keneli. Mpaka leo namwita maalim. Ameniambia, "Hiki ni kisafi, weka jina lako tu."

Nimekisoma mara tatu na kuna pahala pawili pananinyima usingizi. Kwanza, device_register (inayosajili kifaa) ikirudisha kosa, anaita kfree (inayoachia kumbukumbu ya kompyuta) papo hapo. Pili, anakitafuta kifaa kwa bus_find_device_by_name, anasoma nambari yake, anaendelea na safari. put_device, ya kukirudisha kifaa ulichokishika, siioni popote.

Nimekijaribu kibodini, kinafanya kazi vizuri kabisa, na ndiyo maana nasita. Ni makosa kweli, au mimi ndiye sijaelewa? Na kama ni makosa, mtu mzima kama huyu naanzaje kumwambia? Anataka jibu kabla ya Ijumaa.

FundiBodi_Likoni
Dada, hujakosea. Kibodi kufanya kazi hakuthibitishi kitu hapo, maana ile njia ya kfree hupitiwa tu usajili ukishindwa, na kwako haujawahi kushindwa. Ushindishe mwenyewe: sajili vifaa viwili kwa jina moja. sysfs (orodha ya vifaa ya keneli) itakataa na utapata -EEXIST, yaani jina tayari lipo.

device_register ni mambo mawili ndani ya moja. Huanza na device_initialize, na hapo hesabu ya wanaokishika kifaa inakuwa moja. Kisha device_add. Ikishindwa hii ya pili, ile moja bado ipo, na jina mlilolipa kifaa kwa dev_set_name lina kumbukumbu yake pembeni. Ukiita kfree unaachia kifaa, jina linabaki linaelea. Washa kmemleak (kigunduzi cha kumbukumbu zisizoachiwa) utaliona. Dawa ni put_device: hesabu ikifika sifuri, release (msimbo wenu wa kukiachia kifaa) inaitwa na kila kitu kinaachiwa kwa utaratibu. Maelezo yaliyo juu ya device_register ndani ya drivers/base/core.c yanakataza waziwazi kuachia kifaa kwa mkono, hata ikirudisha kosa.

Ila angalia: kama release yenu ina kfree ndani, ile ya maalim iondoke kabisa. Zikibaki zote mbili mtaachia kumbukumbu ileile mara mbili.

Mwanamaji79
Weka jina lako dada, kazi ni ngumu kupata siku hizi. Mtarekebisha baadaye.

NyaliKeneli
@Mwanamaji79 hapana, kaka. Reviewed-by, ule mstari wa jina la mkaguzi, ina maana iliyoandikwa kwenye nyaraka za keneli: umekagua kitaalamu, wasiwasi wako umemfikishia mwandishi, na umeridhika na majibu yake. Dada hajaridhika. Akiiweka anasema uongo kwa maandishi.

Kuhusu pahala pa pili: bus_find_device_by_name ikikupa kifaa, imeshaongeza hesabu kwa niaba yako, na kukirudisha ni juu yako. Usipokirudisha, siku kipimajoto kikichomolewa kitatoweka kwenye sysfs lakini release haitaitwa kamwe. Weka pr_info moja (ya kuandika ujumbe) ndani ya release, chomoa, uangalie dmesg, logi ya keneli. Ukirekebisha, put_device ije baada ya kusoma ile nambari, si kabla, na iwe kwenye kila njia ya kutokea, hata zile za makosa.

Swali: remove yenu ya zamani (ya kuondoa kifaa) ilikuwa ikirudisha -EBUSY, yaani kifaa kinatumika? Tangu 5.15 remove ya basi hairudishi kitu. Hata zamani jibu lake lilikuwa halizuii kifaa kuondoka, kwa hiyo kama kuna mtu aliitegemea kuzuia, msimbo wake ulikuwa na kasoro toka mwanzo.

BintiTudor
@NyaliKeneli ilikuwa ikirudisha sifuri tu, na maalim ameshaibadilisha vizuri. Hata match (inayolinganisha kifaa na draiva) ameipa const, yaani isibadilishwe, kwenye draiva kama inavyotakiwa tangu 6.11. Ndiyo maana naumia, kazi yake ni nzuri.

MamaZena_OldTown
Mwanangu, basi anza na hilo. Mwambie ulichokipenda, na uwe umekipenda kweli. Usimwandikie mbele ya watu kwanza. Mwendee asubuhi kabla ofisi haijajaa, msalimie, mwekee logi mezani, umuulize, "Maalim, hapa mimi naona release haiitwi, wewe waonaje?" Aliyekufundisha kusoma logi hawezi kukasirika ukimletea logi.

FundiBodi_Likoni
Naafikiana na Mama, ila baadaye yaandikwe pia kwenye kumbukumbu za kiraka. Mwakani mtu mwingine atauliza kwa nini kfree iliondolewa, na jibu alikute hapo.

BintiTudor
Nimerudi. Jana usiku nilichomoa na kuchomeka kipimajoto kimoja mara ishirini. Ujumbe wa release haukutokea hata mara moja. Nikaongeza put_device, nikarudia, ukatokea mara ishirini kamili. Nikachapisha zote mbili kwenye karatasi.

Leo nimemkuta peke yake, chai yake ya tangawizi hajaigusa. Amezisoma polepole, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kisha akaniuliza, "Na ile ya kfree umeijaribu kwa jina moja?" Nikamwonyesha -EEXIST na jina lililobaki kwenye kmemleak. Akasema, "Andika yote, tuma kwa kila mtu."

Toleo la pili limenifikia saa kumi. kfree imeondoka. put_device ipo, ila ameiweka mstari mmoja kabla ya kusoma nambari. Namwandikia sasa hivi.