Zulia la Kiajemi, bluu haifanani: nimepigwa?

Kijana wa Ng'ambo: Hamjambo wakuu. Niko Muscat. Juzi nimenunua zulia la sufu sokoni Mutrah, muuzaji akaniambia ni kazi ya Wakashgai, wafugaji wa kuhamahama wa upande wa Shiraz, Iran. Usiku, chini ya taa za duka, lilinimaliza kabisa. Nimelitandaza nyumbani mchana, naona makubwa: bluu ya katikati imekolea, mara inapauka ghafla kama imepigwa rula, halafu inakolea tena. Pindo la kulia lina maua 12, la kushoto 11. Kona moja ina kimbuzi, nyingine hazina. Mke wangu ananicheka. Nina siku tatu za kurudisha.

Mchumi Kavu: Rudisha. Hilo limekaa dirishani likaunguzwa na jua.

Fundi Mtande: Mkuu, usikimbilie. Jua kwa kawaida halipaushi kwa mstari ulionyooka. Kama mabadiliko yanatoka ukingo hadi ukingo, sambamba na mshindio, yaani nyuzi za kukingama, hiyo inaitwa abrash. Wafugaji wanaohamahama hutia rangi sufu kidogo kidogo, chungu kimoja leo, kingine baadaye, maji mengine. Na uzi wa kusokota kwa mkono, huku mnene huku mwembamba, haunywi nili sawasawa. Uzi ukimwishia katikati ya zulia, mfumaji anaendelea na ule uliopo. Geuza uangalie mgongo, mistari ile ile lazima ionekane. Kisha tenganisha manyoya kwa vidole: ncha zikiwa zimepauka na shina limekolea, hapo ndipo useme jua.

Bi Ukili: Mbona haya Pemba tunayajua! Miyaa ya chungu cha kwanza na ya chungu cha pili hailingani, na ukili unasukwa hivyo hivyo.

Kijana wa Ng'ambo: Na yale maua 11? Muuzaji anasema huacha kosa makusudi, kwa kuwa mkamilifu ni Mungu peke yake.

Fundi Mtande: Hadithi ya dukani hiyo, tamu kwa wateja. Mwanamke wa Kikashgai kwa desturi hufuma kutoka kichwani, hana mchoro mbele yake. Nafasi ikimbana, ua linaachwa. Kimbuzi anakitia akipenda. Lingekuwa la Kashan au Tabriz, miji ya Iran ambako karakana hufuata mchoro wa vijumba, ua zima likikosekana ningekwambia rudisha leo hii. Ila abrash nayo isikuleweshe, siku hizi hutengenezwa kusudi ili zulia jipya lionekane la kale. Lowesha kitambaa cheupe, usugue kila rangi.

Kijana wa Ng'ambo: Nimefanya. Mgongoni mistari ipo, bluu haikutoka hata kidogo. Nyekundu ndiyo imegeuza kitambaa kuwa waridi!

Fundi Mtande: Basi umehangaika na bluu bure, ugonjwa uko kwenye nyekundu. Nyekundu ya mizizi ya runasi, mmea wa rangi, iliyokazwa kwa shabu, ile chumvi ya kushikisha rangi, na kusuuzwa vizuri, haitoki hivyo kwa maji baridi. Ama ni rangi hafifu ya kiwandani, ama limepakwa juu kuficha uchakavu, ama halikusuuzwa. Siku utakayolifua, nyekundu itahamia kwenye nyeupe.

Mchumi Kavu: Nilisema rudisha.

Fundi Mtande: Ulisema jua.

Kijana wa Ng'ambo: Kesho asubuhi niko Mutrah, kitambaa mfukoni. Shida ni mke wangu, ameshakizoea kile kimbuzi.