MREJESHO: VFD ya spindeli na limiti suichi zilizokuwa zinajikata zenyewe

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa anayefika sasa: nilikuwa naigeuza mashine ya milingi ya zamani iwe ya CNC (inayoongozwa na kompyuta), na kila nikiwasha spindeli (mhimili unaozungusha kikata), limiti suichi za mhimili wa X (zinazosimamisha mashine ikifika mwisho wa mwendo) zinadai zimeguswa ilhali hakuna kilichozigusa. Kazi inasimama palepale.

Nilianza na kebo ya shildi (yenye ganda la kuzuia kelele za umeme zisiingie kwenye waya nyingine) kutoka VFD, kile kifaa kinachobadili kasi ya mota, hadi kwenye mota, shildi nikaibana kwa klampu pana pande zote mbili badala ya kuisokota kama mkia. Waya za suichi nikazihamishia upande wa pili wa kabati. Zilikuwa zimefungwa pamoja na waya za mota, aibu yangu hiyo! Hitilafu zikapungua sana, ila iliyozimaliza ni kushusha keria frikwensi (kasi ambayo VFD inakatakata umeme unaokwenda kwenye mota) kutoka kHz 12 hadi 4. Sasa mota inapiga mluzi, navumilia.

Aliyeniambia nifungue boksi la mota, ubarikiwe. Ilikuwa imeungwa staa wakati VFD yangu inatoa volti 230, na kibati cha mota kinasema 230 ni delta (staa na delta ni namna mbili za kuunga koili za mota). Nikahamisha vile vipande vitatu vya shaba, nguvu ikarudi.

Kilichogoma: mwendo wa chini. Chini ya Hz 15 mota inachemka, maana feni yake iko kwenye shafti ileile. Kuongeza volti za mwanzo (zile VFD inazompa mota kwenye mwendo mdogo) kulizidisha joto tu, nikarudisha ilivyokuwa. Nitaifungia feni ya pembeni.

Asanteni sana.