Tupeane uzoefu: Sunny alipomchagua kaka badala ya sheria, watoto wenu walisemaje?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Ndugu wasomaji, naomba tukusanye hapa uzoefu wa wale tuliosoma na watoto *Akata Warrior*, riwaya ya Nnedi Okorafor iliyotoka mwaka 2017 ikiwa mwendelezo wa *Akata Witch* ya mwaka 2011. Ambaye hajaisoma na hapendi kuujua mkasa mapema, asiendelee.

Sunny, msichana ambaye ndiye mhusika mkuu, alizaliwa New York, akahamia Nigeria na wazazi wake, na katika kitabu cha kwanza, akiwa na umri wa miaka 12, anatambua kwamba yeye ni miongoni mwa Watu wa Chui, jamii ya siri yenye uganga wake, sheria zake na maktaba yake. Wazazi na kaka zake, kama binadamu wengine wasio na uwezo huo, huitwa Wanakondoo, na hawaruhusiwi kujua lolote. Kitabu cha pili kinambana hapo hapo. Kaka yake mkubwa, Chukwu, anaingia chuo kikuu, ananaswa na genge la siri la wanafunzi, anapigwa vibaya, kisha anatoroka akihofia maisha yake. Sunny anatumia uganga kuwatisha wakubwa wa genge hilo, jambo ambalo sheria inalikataza waziwazi, na kwa sababu hiyo anafungiwa chini ya maktaba, mahali penye jini. Mwanangu, aliye darasa la saba, aliwaita wazee waliomhukumu waonevu. Mimi nilikuwa upande wa wazee, kwa kuwa siri ile ndiyo inayowalinda wote, tena Sunny alikwisha kuonywa katika kitabu cha kwanza alipomwonyesha mwenzake wa shule uso wake wa kiroho, yaani sura ya pili ya siri aliyo nayo kila Mtu wa Chui. Tulibishana hadi chakula kikapoa. Kwenu ilikuwaje?

Mwalimu wa sekondari, Mwanza

Katika klabu yetu ya usomaji wavulana karibu wote walimuunga mkono Sunny bila kusita. Wasichana wakauliza jambo ambalo sikulitarajia: kwa nini msichana mdogo ndiye alipe gharama ya kosa lililomkuta kaka mkubwa, na kwa nini hakuna anayeshangaa? Sikuwapa jibu, kwa sababu naona riwaya yenyewe inaliacha swali hilo wazi.

Tunaye mwanafunzi mwenye ualbino, kama alivyo Sunny. Kitabu cha kwanza kilimuudhi, kwa sababu Sunny anapoujua uwezo wake jua halimdhuru tena, akacheza mpira mchana kweupe. Alisema mwandishi amempa Sunny kwa uganga kile ambacho yeye hukitafuta kwa kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kujikinga na jua, yanapopatikana. Cha pili alikipenda zaidi, maana humo ngozi ya Sunny si tatizo kuu tena. Sunny ni msichana mwenye kaka aliye hatarini na siri asiyoweza kumwambia mama yake, na mwanafunzi wangu alidai kwamba hivyo ndivyo anavyotaka kuandikwa.

Mama wa watoto wawili, Columbus, Ohio

Wanangu wamezaliwa Marekani, na ndugu zao wengi wako Mombasa. Mkubwa hakujali sana habari za Chukwu. Aliyemvuta ni Sasha, kijana Mmarekani mweusi kutoka Chicago ambaye wazazi wake walimpeleka Nigeria baada ya kuingia matatani. Katika nyumba nyingi za wahamiaji ninazozijua, kurudishwa nyumbani hutajwa kama adhabu, kwa hiyo mwanangu alilisoma jambo lile akiwa amekunja uso. Aliniuliza kama Sasha anapaswa kuwa mtiifu kwa wazazi waliomwondoa au kwa rafiki waliompokea. Kwa maoni yangu mwandishi anawapendelea marafiki, na mimi kama mama sikufurahi, ingawa nakubali kwamba wale vijana wanne, Sunny, Orlu, Chichi na Sasha, ndio roho ya kitabu.

Baba, Nairobi

Mimi nitasema kwa ufupi. Watakaokikataa kwa sababu ya uganga wana haki yao; kwangu kilichonishika ni chittim, fedha ya Watu wa Chui, ambayo humwangukia mtu anapojifunza jambo. Binti yangu anauliza hadi leo kwa nini shule yake haiendeshwi hivyo.

Msomaji, Unguja

Nilipofika kwenye adhabu ya Sunny nilimkumbuka Adili wa Shaaban Robert. Nduguze waliomhusudu wanageuzwa manyani, naye analazimishwa na jini kuwapiga kila usiku, ilhali bado anawapenda na kuwatunza. Adili anatii amri na moyo wake unabaki kwa nduguze, mpaka Mfalme Rai anapoingilia kati. Sunny anavunja amri ili amwokoe nduguye. Niliwasomea wajukuu vyote viwili. Waliona Adili amevumilia kupita kiasi, nami nikawakumbusha kwamba Adili alitendewa ubaya na haohao anaowaonea huruma, wakati Chukwu hakumtendea Sunny lolote la kufanana na hayo. Mmoja hakuridhika, akasema huruma isiyozuia mjeledi haimsaidii nyani.

Mwanzisha mada

Nashukuru kwa michango. Hakuna aliyegusa kutengana kwa Sunny na Anyanwu, yaani uso wake wa kiroho, jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Kwa kawaida anayetenganishwa na uso wake hufa. Sunny anaishi, lakini Anyanwu sasa huja na kuondoka apendavyo, na ana mambo yake ya kale ambayo Sunny hayajui. Mwanangu alilielewa hilo haraka kuliko mimi. Alisema Sunny amekasirika kwa sababu hata yeye mwenyewe hamtii tena, na akakataa kueleza zaidi.

Kwa wanaokitafuta: toleo la Cassava Republic, mchapishaji wa Nigeria, linaitwa *Sunny and the Mysteries of Osisi*, na ni kitabu hichohicho, msinunue mara mbili. Cha tatu, *Akata Woman*, kilitoka mwaka 2022. Aliyekisoma na mtoto aliyekwisha kuingia sekondari aendelee hapa chini.