Rimbaud: nichore sura ipi?

Fundi Rangi (Lamu): Asalaam aleikum. Kazi yangu ni kuandika majina ya mashua na mabango ya maduka. Sasa mpangaji mmoja Shela anataka sura ya Arthur Rimbaud, yule mshairi wa Ufaransa, kwenye ukuta wa baraza. Nikitafuta naona kijana huku, mwanamume mkavu kule. Nishike ipi?

Binti Langoni: Waaleikum salaam, kaka. Shika ile ya mpiga picha Étienne Carjat ya 1871: nywele timutimu, tai imekwenda upande, macho meupe yanatazama mbali. Ndiyo watu waijuayo. Mchoraji Fantin-Latour naye alimchora 1872 mezani karibu na mshairi mwenzake Verlaine, kidevu mkononi. Mshairi Albert Mérat alikataa kukaa na wawili hao, mchoraji akajaza nafasi yake kwa maua! Mimi hayo maua ndiyo nayapenda kuliko nyuso zote.

Mzee wa Baraza: Mwanangu, sisi watu wa pwani ya nini kumchora wa Paris? Huyo alifanya biashara Aden, Yemen, na Harar, Ethiopia. Mwaka 1883 alijipiga picha mwenyewe Harar akawapelekea jamaa zake, zimepauka kwa sababu ya maji mabaya ya kusafishia. Moja amesimama, mikono imekunjwa kifuani, suruali nyeupe. Uso hauonekani vizuri, lakini umbo linatosha.

Fundi Rangi: Shukrani, mzee. Hiyo ya Harar inanifaa, ukuta wenyewe ni wa chokaa na unyevu wa chumvi. Rangi kali itabanduka tu. Ila mpangaji akidai macho?

Binti Langoni: Mwongezee bei.